Shajara ya toleo la 12: Mdai anaingia kwenye kitabu cha Kinga

6 Januari

Tumekubaliana. Toleo la 12 la komiki yetu ya Kinga ndilo litakalomleta mhusika mpya, Mdai, na baada ya hapo Mdai ataanza mfululizo wake mwenyewe. Nitaandika hapa kila tunapofika mahali pa kuamua jambo, kwa ajili yetu tunaolitengeneza toleo hili na kwa ajili ya yeyote anayefikiria kumzaa mhusika ndani ya kitabu cha mhusika mwingine.

Kwa ambaye hajasoma matoleo ya nyuma: Kinga anaweza kusimamisha ukuta usioonekana mbele ya kitu chochote. Risasi, gari lililokatika breki, maji ya mafuriko, vyote hukomea hapo. Tangu toleo la 1 sheria yake ni moja: mwenye kuhitaji kukingwa anakingwa, bila kuulizwa yeye ni nani na amefanya nini.

Mdai ni mwanamke aliyekuwa karani wa mahakama. Miaka nenda miaka rudi aliandika mwenendo wa kesi, akaona mashahidi wakitoweka mmoja mmoja na washtakiwa wakitoka kwa mlango wa mbele wakipeana mikono. Uwezo wake uko kwenye mkono wa kushoto. Akimshika mtu, mtu huyo anasikia kwa mpigo mmoja maumivu yote aliyowasababishia wenzake. Na Mdai mwenyewe anayasikia vilevile. Hili la mwisho tumelibishania sana na nimelishikilia, kwa sababu bila hilo Mdai anakuwa fimbo tu ya kuchapia watu wabaya, na fimbo haibebi mfululizo.

14 Januari

Kabla ya skripti nimerudi kuangalia wahusika wa komiki za Marvel za Marekani waliingiaje katika vitabu vya wenzao. Punisher aliingia mwaka 1974 katika toleo la 129 la The Amazing Spider-Man, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Ross Andru. Hakuja kama shujaa. Alikuja kumuua mwenye kitabu, akiwa amedanganywa na Jackal, adui wa Spider-Man, kwamba Spider-Man ni muuaji. Mwaka huohuo Wolverine alichungulia kwenye fremu ya mwisho kabisa ya toleo la 180 la The Incredible Hulk, kisha akapigana toleo zima la 181. Naye hakuwa mgeni mwema: alitumwa kumkabili Hulk. Venom alijitokeza kikamilifu mwaka 1988 akiwa na chuki binafsi na Spider-Man. Deadpool mwaka 1991 aliletwa kama mamluki wa kukodiwa.

Wote waliingia kwa kugongana na mwenye nyumba. Na hakuna aliyepewa kitabu chake papo hapo. Wolverine alisubiri hadi 1982, Punisher hadi 1986, Venom na Deadpool hadi 1993. Wasomaji ndio waliowaita warudi, wakaitwa tena, mpaka ikaonekana wanastahili kusimama peke yao.

Sisi tunakwenda kinyume chake. Tumeshaamua kwamba Mdai atakuwa na kitabu kabla msomaji hata mmoja hajamwona. Hatari yake naiona wazi: toleo la 12 linaweza kugeuka tangazo la kurasa nyingi, Kinga akabaki anasimama pembeni akimsifia mgeni. Nimesoma matoleo ya namna hiyo, na huwa nayafunga nikiwa nimewachoka wote wawili. Kwa hiyo nimejiwekea kipimo kimoja cha kurudia kila tunapokwama. Mtu asiyejua kabisa kwamba kuna mfululizo mpya unakuja, akilisoma toleo hili, aone ni hadithi ya Kinga, na iwe miongoni mwa hadithi nzito alizowahi kupitia.

16 Januari

Nyongeza fupi kuhusu mahakama. Kanuni za Comics Code za mwaka 1954, ambazo wachapishaji wa komiki nchini Marekani walijiwekea wenyewe, zilitaka wema ushinde kila mara na mhalifu aadhibiwe, na zilikataza kuwaonyesha majaji na polisi kwa namna ya kuwavunjia heshima. Zikalegezwa mwaka 1971. Miaka mitatu baadaye Punisher akapata mahali pa kusimama. Sioni kama ni bahati tu. Shujaa mwenye doa anahitaji ulimwengu ambamo hukumu inaweza kukosea, na msomaji aione ikikosea kwa macho yake. Kwa hiyo kesi haitasimuliwa kwa maneno ya juu ya fremu. Itachorwa: kurasa tatu za mwanzo, ndani ya chumba cha mahakama, Mdai akiwa bado karani kwenye kona, bila jina, kichwa kakiinamisha anaandika.

25 Januari

Skripti imekamilika. Naweka hapa mifupa yake.

Jengo la ghorofa limeanguka na kuua watu 31. Mwenye kampuni iliyolijenga anaachiwa huru kwa kukosekana ushahidi. Siku chache baadaye anajua kuna mtu anamfuata, anamtafuta Kinga na kuomba ulinzi. Kinga anajua huyu ni nani. Msomaji anajua kwamba Kinga anajua. Anamkinga hata hivyo, maana sheria ni sheria.

Mdai anafika usiku, mvua inanyesha. Anagusa ukuta, anaona haupitiki. Hapo ndipo komiki nyingi zingefungua kurasa kumi za ngumi. Mdai anakaa kitako barabarani, anafungua daftari lake, anaanza kuwasoma waliokufa. Jina, umri, chumba alichokuwa akiishi. Ukuta wa Kinga hauzuii sauti, na jambo hilo si la kuzuka ghafla: katika toleo la 3 Kinga alizungumza na mtoto aliyenaswa upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo msomaji wa siku nyingi atalikumbuka.

Anasoma usiku kucha. Yule mtu anaziba masikio, anatukana, anaahidi fedha, mwisho anamwomba Kinga amnyamazishe yule mwanamke. Kinga hana uwezo huo. Alfajiri mtu yule anasema, "Fungua. Nitakwenda kusema kila kitu." Kinga anaushusha ukuta. Mtu anatoka, mikono juu, amekubali. Na Mdai anamshika.

Hiyo ndiyo nukta yenyewe. Angemshika mtu mwenye kiburi, kila msomaji angeshangilia na Mdai angekuwa shujaa wa kawaida mwenye mavazi meusi. Anamshika mtu aliyekwisha kusalimu amri. Nataka msomaji aliyekuwa akimngojea kwa hamu tangu ukurasa wa 6 apate alichokitaka, kisha kimkae vibaya kooni.

28 Januari

Mpangilio wa kurasa. Ndani tuna kurasa 32, kwa kuwa kitabu cha kupigwa pini katikati lazima kigawanyike kwa nne. Kurasa 24 ni za hadithi kuu, 6 ni za hadithi fupi ya Mdai peke yake, 2 ni za barua za wasomaji na majina ya waliofanya kazi.

Kilichonisumbua ni wapi karatasi inageuzwa. Ukurasa wa namba witiri unakaa kulia, wa namba shufwa kushoto, kwa hiyo jambo la kushtua linapaswa kuwa kwenye namba shufwa ili lisionekane kabla ya mkono kugeuza. Katika mpango wa kwanza mtu anatoka ukurasa wa 20 na kushikwa ukurasa wa 21. Kurasa hizo mbili zinatazamana. Jicho lingeuona mkono wa Mdai kabla hata ya mlango kufunguliwa. Tumesogeza. Sasa anatoka kwenye fremu ya mwisho ya ukurasa wa 21, unageuza, na ukurasa wa 22 ni picha moja nzima. Kwa wanaosoma kwenye simu kurasa hazitazamani, kwa hiyo kwao hakuna kinachoharibika.

3 Februari

Umbo la Mdai. Mchoraji alileta michoro ya aina nyingi: joho refu, barakoa ya chuma, upanga mgongoni. Yote imechorwa kwa ustadi na yote nimeiona kwingine. Tukarudi kwenye kazi yake ya zamani. Koti la karani lililopauka, nywele zimefungwa nyuma, glavu moja ya kushoto inayofika kwenye kiwiko, daftari kubwa la jalada gumu kwapani. Basi.

Huwa inasimuliwa jinsi Conway alivyochora Punisher mwenye fuvu dogo kifuani, na John Romita Sr. akalikuza likafunika kifua kizima hadi kiunoni. Badiliko hilo moja ndilo lililomfanya atambulike hata ukiwa mbali. Sisi tumelikuza daftari. Sasa ni daftari la masjala, pana kuliko kifua chake, na akilibeba linampinda bega. Mchoraji alimjaza wino mweusi mwili mzima ili tuone kivuli chake tu, na bado nilimjua mara moja kwa lile bega.

9 Februari

Mabishano kuhusu mwisho wa hadithi kuu. Rafiki anayesoma rasimu zetu alipendekeza hadithi kuu ifungwe kwa Mdai kuandika jina la Kinga kwenye daftari. Linavutia, sikatai, na lingewafanya watu wasubiri kwa hamu. Nimelikataa kwa sababu mbili. Kwanza, Kinga hajamuumiza mtu kwa makusudi, na daftari likianza kupokea jina lolote linaloleta msisimko, halitakuwa na uzito tena. Pili, lingeufunga mfululizo mpya kwenye mguu wa ule wa zamani. Kila msomaji wa Mdai angekuwa anangoja Kinga atokee.

Tulichokiweka badala yake kimo kwenye ukurasa wa 23, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika toleo hili. Fremu moja pana. Kiganja cha Kinga kimeinuka nusu. Ukuta wake unahitaji kupepesa jicho tu kusimama, tumelionyesha hilo mara nyingi tangu mwanzo. Alikuwa na muda. Je, alichelewa, au aliuacha mkono ushuke? Hatusemi. Hata kwenye skripti sikuandika jibu, na mchoraji aliponiuliza nilimwomba akichore kiganja namna ambayo watu wawili wanaweza kukibishania.

Swali hilo linabaki kwa Kinga, matoleo ya 13 na kuendelea yatalibeba. Mdai anaondoka na swali lake lingine.

17 Februari

Penseli za kurasa za 15 hadi 18 zimefika. Nimezitazama asubuhi yote.

Tulikuwa tumeshapanga kwamba majina yote 31 yasomwe, hakuna "na wengineo". Kurasa za 15, 16 na 17 zina fremu tisa kila moja, tatu kwa tatu, zote sawa kwa ukubwa. Hiyo inatupa 27. Ukurasa wa 18 una fremu nne pana, na hizo zinakamilisha 31. Jina moja, fremu moja. Nilihofia msomaji atachoka na kuruka. Mchoraji amelitatua bila kuongeza hata neno: katika ukurasa wa 15 fremu zinakwenda kwa zamu kati ya mstari wa daftari, uso wa yule mtu na mgongo wa Kinga. Katika ukurasa wa 16 picha zinasogea karibu, mtu amebaki mdomo na jicho. Katika ukurasa wa 17 Kinga anageuka. Fremu baada ya fremu anageuka kidogo tu, na kwenye ile ya tisa ameacha kumtazama Mdai, anamtazama yule anayemkinga.

Kisha zile nne pana za ukurasa wa 18: mshona nguo wa ghorofa ya pili, mlinzi wa lango, na pacha wawili wa chumba cha juu kabisa. Pacha kila mmoja amepewa fremu yake.

19 Februari

Mvua. Ukuta usioonekana ni tabu kuuchora, na huko nyuma tumekuwa tukitumia mistari ya samawati hafifu. Mchoraji ameitumia mvua: matone yanagonga hewani na kuteremka, kama juu ya kioo, kwa hiyo usiku kucha tunauona ukuta kupitia maji. Halafu akaongeza wazo ambalo sikulitarajia. Mvua ikatike kabla ya mapambazuko. Kuanzia ukurasa wa 20 hakuna tone linaloanguka, na msomaji hawezi tena kujua kama ukuta upo au haupo. Ule utata wa ukurasa wa 23 sasa umo ndani ya hali ya hewa yenyewe.

2 Machi

Wino umekamilika, kurasa zimeskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi. Ukingo wa ziada wa milimita 3 umeachwa pande zote kwa ajili ya kukatwa.

10 Machi

Rangi. Tulipatana tangu mwanzo kwamba nyekundu itakuwa moja tu katika toleo zima, nayo ni wino wa daftari. Hakuna damu nyekundu, hakuna taa nyekundu za gari, hata midomo imepunguzwa. Mahakama ni kahawia iliyochoka, usiku ni kijani cheusi, Kinga ana bluu yake ya siku zote. Ukifika ukurasa wa 15 yale majina yanawaka.

Sampuli ya kwanza kutoka kwa mchapaji imeonyesha kuwa majina hayo yana ukingo wa waridi. Nyekundu yetu ni majenta kamili na njano kamili, yaani bati mbili za kuchapia, moja kwa kila rangi, juu ya mistari myembamba ya kalamu, na bati zikihama hata kwa unywele mmoja kila herufi inapata kivuli. Mtia rangi ameinenepesha mistari kidogo na kuirudisha njano ndani, isifike ukingoni mwa majenta. Sasa umbo la herufi linashikwa na bati moja tu, na zimetulia. Tumehakikisha pia maneno yote ya kwenye viputo yamewekwa kwa bati nyeusi peke yake, kwa sababu hiyohiyo.

14 Machi

Herufi na milio. Mlango wa mahakama unafungwa NDI! kwenye ukurasa wa 3, herufi zimejaa upana wa fremu, kwa kuwa hapo ndipo kesi inapokufa. Fujo zote za kati zina milio yake. Kisha kuanzia ukurasa wa 15 tumeondoa kila mlio. Mvua inanyesha bila herufi hata moja, sauti pekee iliyopo ni ya Mdai anasoma. Ukurasa wa 22 hauna kiputo wala mlio. Niliandika yowe kwenye skripti, na kwa kuutazama uso alioupata mchoraji nimelifuta. PU! ya mwili kufika chini inasubiri kona ya ukurasa wa 23, herufi ndogo, chini kabisa ya kile kiganja.

Viputo vya Mdai havina mkia unaoelekea mdomoni mwake wakati anasoma. Vinaelea karibu na daftari. Wazo la mwandika herufi, na nimelipokea kwa mikono miwili.

21 Machi

Zile kurasa 6 za nyuma. Kinga hayumo humo kabisa, hata kwa kutajwa. Mdai yuko kwenye basi la alfajiri, analipia alichokichukua: ana vumbi la saruji kwenye pumzi, ana uzito wa dari mgongoni, anasikia yale waliyoyasikia watu 31, na lazima akae wima ili abiria wasimshangae. Abiria mmoja mzee anamuuliza kama anaumwa. Anajibu, "Nimetoka kazini."

Kwenye ukurasa wa tano wa hizo sita anafungua daftari ili afute ukurasa uliolipwa, na hapo anamkumbuka msichana. Msomaji makini atakuwa ameshamwona: yuko dirishani, nyuma kabisa, kwenye fremu ya juu ya ukurasa wa 23. Ni binti wa yule mjenzi, na alimwona baba yake akianguka baada ya kuinua mikono. Maumivu yake yamesababishwa na nani? Uwezo wa Mdai haumwondoi mtu yeyote kwenye hesabu, na mkono wa kushoto unaweza kumgusa mwenye mkono pia. Hilo ndilo litakalosukuma mfululizo mzima. Kila deni analolikusanya linaweza kuacha jipya nyuma yake, na hili jipya liko kwa jina lake.

27 Machi

Jalada. Mchoro wa Mdai akiwa mbele na Kinga nyuma ungeuza vizuri, lakini hiki bado ni kitabu cha Kinga. Tumemweka Kinga katikati, mikono imetanuka, yule mtu amejikunyata nyuma yake. Mdai tunamwona kwa mgongo tu, chini kulia, bega lililopinda na ukingo wa daftari. Hakuna maandishi ya kutangaza kuzaliwa kwa mhusika mpya. Tangazo la mfululizo liko ndani, mstari mmoja chini ya ukurasa wa 30.

4 Aprili

Faili zote zimekwenda kwa mchapaji na sampuli ya mwisho imepitishwa. Nyekundu imekaa, pini ziko sawa, ukurasa wa 22 unafunguka mahali pake.

Skripti ya toleo la 1 la Mdai imeanza. Ina kurasa 22, na inafunguka nyumbani kwa yule binti, wiki moja baada ya tukio, akiwa ameshika nakala ya mwenendo wa kesi ya baba yake, ulioandikwa kwa mwandiko wa Mdai mwenyewe. Anataka kumjua karani aliyeandika. Mchoraji ameomba ukurasa huo wa mwandiko aufanye mwenyewe kwa mkono badala ya kutumia fonti, nami nimekubali. Penseli zinaanza wiki ijayo.